Mashine ya Baba

Ukifika Nyaramba ukaulizia Baba, usitafute mwanaume. Utazunguka soko lote na utaondoka na hasira. Baba ni mwanamke. Kwa Kikisii chetu, mama ndiye anaitwa baba, na yule ambaye Waswahili wanamwita baba sisi tunamwita tata. Shuleni tulifundishwa kwamba wenzetu wanasema kinyume, tukafanya mtihani, tukapita, tukarudi nyumbani tukaendelea na letu. Basi huyu ninayemsema, fundi wa paa, soko zima linamwita Baba, wakubwa kwa wadogo, hata mimi ambaye mama yangu mzazi yuko hai na mvi zimeshaanza kunitoka. Neno hilo liliwahi kutuponza vizuri sana. Nitafika hapo. Ulimi unaniwasha, lakini nitafika.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, karibu na pale akina mama wanauzia ndizi. Nauza mabati, saruji, misumari, na mashine moja moja nikipata. Mashine ndizo ugonjwa wangu. Nikisikia mota nzuri ikianza kuzunguka, mwili unanisisimka, na mke wangu amezoea kuniona nikifungua boksi la mteja kabla ya mteja. Kwa hiyo ukinisikia napandisha sauti huko mbele, nivumilie. Jambo lenyewe lilinifurahisha na bado linanifurahisha.

Kwanza umwone Baba akipanda ngazi. Mafundi wengine hujifunga mkanda wa vifaa kiunoni, au hupiga kelele warushiwe nyundo kutoka chini. Baba hupanda na kikapu cha kuchumia majani chai mgongoni, kile kile ambacho akina mama wa huku wanabeba shambani alfajiri. Chake ndani kina nyundo, msumeno, futi, misumari na kipande cha sabuni ya kufulia. Akitaka kitu, mkono unaenda nyuma ya bega, vile mchumaji anavyotupa majani kikapuni, halafu unarudi na kitu hicho hicho alichokitaka. Haangalii. Nimemwona akitoa msumari wa saizi anayotaka huku akigombana na mtu aliye chini. Sabuni ni ya skrubu. Mti wa mkaratusi ukikauka unakuwa mgumu kupita kiasi, basi anapitisha skrubu kwenye sabuni kwanza, ndipo inateleza na kuingia.

Kazi mbovu ana jina lake. Anaiita kazi ya kuaga. Maana yake ni kazi ya fundi ambaye anajua hatarudi hapo tena. Akipita mahali akaona bati limekaa upande, anasimama barabarani, anakunja midomo, anasema, "Huyu alikuwa anaaga." Kisha anaendelea na safari yake. Mwenye nyumba anabaki anaangalia paa lake siku nzima.

Yeye mwenyewe haagi. Akimaliza paa lako, anangoja mvua ya kwanza kubwa, na huku kwetu hungoji sana. Ikianza kupiga, utamwona anaingia mlangoni na mwavuli, bila kualikwa. Anakaa sebuleni, anafumba macho, anasikiliza. Ukimpa chai anaikataa kwa mkono, ishara kwamba usiongee. Mvua ikipungua anainuka, anasema, "Iko sawa," anaenda zake. Paa la duka langu alilisikiliza hivyo hivyo, amekaa juu ya mfuko wa saruji, na wateja wakanong'ona kwa heshima mpaka mvua ikakatika.

Sasa usidhani ni mtu wa kueleweka. Mtu huyu anayetembea juu ya mbao za kenchi bila kushika kitu anaogopa boda boda ikiteremka. Mlima ukianza kushuka, anamgonga dereva begani, anashuka, anatembea kwa miguu hadi bondeni, halafu anapanda tena. Ni Msabato wa kweli, Ijumaa jua likikaribia kuzama kikapu kinafungwa na leso, hakiguswi. Lakini Jumamosi kanisani, mhubiri akiwa katikati ya neno, Baba macho yako juu kwenye mbao, na ukimkaribia utamsikia anaguna. Mimi Mkatoliki. Nikimtania kwamba anafanya kazi siku ya Sabato kwa macho, ananijibu, "Macho haina mshahara, mwenye duka. Wewe funga yako Jumapili."

Tena anasema hapendi mashine. Amelisema hilo dukani kwangu miaka yote, na kila akilisema kidole kiko kwenye kifyatulio cha keekee fulani niliyoning'iniza, mashine ya kutobolea mbao, anabonyeza, anaachia, anabonyeza. "Hizi vitu ni za watu wavivu," anasema. Bonyeza. "Makelele bure." Bonyeza tena.

Kisha mkono ukaanza kumsumbua, naye akawa ananificha. Niligundua kwa soda. Baba akipita jioni hunywa soda ya chungwa, ile ya chupa ya plastiki, amesimama pale pale kwenye kaunta. Siku moja akaishika, akaiangalia, akanisukumia. "Fungua hii kitu, mkono yangu iko na mafuta." Mkono haukuwa na mafuta. Kesho yake ulikuwa na vumbi. Keshokutwa yake alinisukumia tu, na tangu hapo nikawa nafungua kabla hajaomba. Ulikuwa mkono wa kulia, hapo kwenye kifundo. Ulivimba ukashuka, ukavimba tena. Alienda kumwona daktari Kisii mjini, na aliporudi alikuwa amechukia.

"Ameniambia nisipindue kitu," alisema. "Nikamuuliza, hata ugali? Akasema hata ugali."

Nyundo aliihamishia kushoto, akaizoea, usingejua. Skrubu ndizo zilimshinda, na bahati mbaya ikaja wakati ule ule kanisa lao la kilimani lilipotaka paa jipya. Kamati ya ujenzi ilikuwa imenunua mabati marefu, na ikaamua yafungwe kwa skrubu, maana upepo wa pale juu ulishang'oa misumari ya zamani. Kazi ilikuwa ya Baba tangu mwanzo. Paa la kwanza lilikuwa lake pia. Lakini mzee wa kamati, mtu mpole anayekwenda na kofia yake mkononi, alikuwa ameshaiona soda. Alikuja dukani akajifanya anatafuta kufuli.

"Baba ni mama yetu sote," aliniambia. "Lakini mkono ukishindwa huko juu, tutasema nini? Iko fundi Keroka, kijana, ako na mashine zake. Jumapili kamati inakaa. Tukiona hakuna njia, tunamwita huyo."

Nilijua maana yake. Fundi wa Keroka akipanda pale, kila mtu aliye na nyumba ya kuezeka kuanzia hapa mpaka Nyansiongo ataelewa kwamba mkono wa Baba umekwisha, na hatamwita tena. Wala hawatafanya kwa ubaya. Watamhurumia, na Baba afadhali umtukane kuliko kumhurumia. Nilimwambia mambo yote kama yalivyosemwa. Alisikiliza, akavua kikapu, akakiweka chini.

"Leta hiyo kitu yako ya watu wavivu," akasema.

Nilitoa mbio keekee ya betri niliyokuwa nayo, nikamwekea ubao wa mkaratusi mkavu. Akapaka sabuni, akaweka skrubu, akabonyeza. Iliingia nusu vizuri. Halafu mti ukagoma, skrubu ikasimama, na keekee nzima ikajizungusha na mkono wake ndani. Hakupiga kelele. Aliiweka mashine juu ya kaunta polepole, akaubana mkono katikati ya magoti, akangoja maumivu yapite.

"Hii inapindua mimi," akasema. "Haipindui skrubu."

Nami hapo hapo nikajua tunachotafuta, nikaanza kupiga meza. Impakti. Nilimweleza mpaka jasho likanitoka. Keekee inazungusha tu, kwa hiyo skrubu ikikataa, nguvu yote inarudi kwa mshikaji. Impakti ikikutana na ugumu, ndani yake kuna kinyundo kinachogonga kwa kuzunguka, haraka haraka, tatatata, kinaisogeza skrubu kidogo kidogo, na mkono wako unabaki ulipo.

Aliinua uso. "Iko nyundo ndani?"

"Iko nyundo ndani."

"Hukuniambia mapema iko nyundo."

Sikuwa nayo. Nilipiga simu kwa duka moja kubwa la vifaa Kisii mjini, ambako muuzaji wake ni mtu wa Pwani, mzee wa maneno matamu, anayesema Kiswahili mpaka unaona aibu kujibu. Kabla sijamaliza salamu, Baba akaninyang'anya simu. Hajawahi kuamini kwamba mtu anaweza kuagiziwa kitu chake na mwingine.

"Nataka impakti," akasema kwa sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. "Ni ya Baba."

Nilisikia muuzaji akiuliza, taratibu, huyo baba ni mtu wa umbo gani.

"Baba wa Nyaramba ni mtu mkubwa," akajibu. "Kila mtu anamjua."

Na kazi yake?

"Kila siku. Kazi ngumu."

"Basi mama, ondoa shaka," muuzaji akasema. "Baba nitamchagulia inayomfaa."

Mzigo ulifika na gari la asubuhi. Boksi lilikuwa zito kiasi kwamba nilishangilia kabla ya kulifungua. Mzee wa kamati naye alikuwepo, na kofia yake. Nikafungua. Ndani mlikuwa na jitu. Pua yake haikuwa na tundu la kushika biti, kile chuma cha kuingia kwenye skrubu, ilikuwa ya mraba, ile ya kufungulia nati za magurudumu ya lori, na wameliwekea kipachiko cha skrubu kwa heshima ya Baba. Baba aliliinua kwa mikono miwili. Akaweka skrubu, akabonyeza, na mashine ikanguruma mpaka misumari ikacheza kwenye makopo. Kichwa cha skrubu kikakatika, kikaruka, kikaenda kugonga karai ukutani.

Mzee wa kamati alivaa kofia. "Tuombe tu," akasema, akatoka.

Baba aliitazama ile mashine, akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka akashika kaunta. "Mwenye duka," akasema, "huyo mtu amechagulia bwana yangu." Bwana yake alikufa zamani, na alikuwa mtu mwembamba. Tulicheka wote wawili mpaka jirani akaja kuangalia.

Hatukupiga simu tena. Alhamisi tulifunga duka tukaenda wenyewe. Baba alienda na kikapu mgongoni, na ndani ya kikapu aliweka ubao wake wa mkaratusi, skrubu, na sabuni. Mimi nilibeba jitu.

Muuzaji alitupokea kwa mikono miwili. "Karibuni, karibuni. Na Baba mwenyewe hakujaaliwa kuja?"

"Ndio mimi," Baba akasema.

Muuzaji akanitazama mimi, akamtazama yeye, akarudi kwangu. Nilimweleza. Alikaa juu ya kiti. "Miaka yote hii nipo Kisii," akasema, "wateja wananiambia kitu hiki ni cha baba, nami nawapa saizi ya baba." Aliwafikiria wateja wote aliowapa vitu vikubwa, akafunika uso. Kisha akasimama, akamwamkia shikamoo, na Baba, ambaye neno hilo alilikuta vitabuni tu, akajibu marahaba kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Zilipangwa mbele yetu. Rafiki yangu, raha ya siku ile. Za volti kumi na mbili, za volti kumi na nane, zenye mota ya kaboni na zisizo na kaboni, fupi, ndefu. Mimi nilikuwa nazichukua moja moja nikisoma nguvu zake kwa sauti, na nilikuwa nimeshaichagua moyoni ile yenye nguvu kuliko zote. Baba hakusoma kitu. Alivaa kikapu chake, akaomba ngazi, akapanda hadi katikati, pale pale dukani, akaomba apewe ya kwanza. Akainyoosha juu ya kichwa kwa mkono wa kulia, akafumba macho, akaanza kusali ile sala ya Bwana kwa Kikisii.

Watu walisimama. Muuzaji aliinamisha kichwa akidhani ni baraka. Baba alifika kwenye mkate, mkono ukatetemeka, akafumbua macho. "Rudisha," akasema.

Ndipo nikaelewa. Juu ya paa, muda wa kufunga skrubu moja kwenye mti mgumu na kuvuta pumzi ni kama sala moja. Mashine isiyofika Amina hawezi kufanya nayo kazi kutwa. Ile yangu, yenye nguvu kuliko zote, haikuvuka hata mbinguni. Niliona uchungu kidogo, sikufichi. Nyingine ilifika kwenye makosa. Akaiomba tena hiyo hiyo, safari hii na betri ndogo badala ya kubwa, na mkono ukafika Amina bila kutikisika. Na nyingine fupi ikafika pia.

"Mimi dua zangu ni nyingine," muuzaji akaniambia pembeni, "lakini mizani hii nimeikubali."

Zilibaki mbili. Baba akashuka, akatoa ubao wake, akapaka sabuni. Ya kwanza ilikuwa ya haraka mno: ukigusa tu kifyatulio, inaruka kwa nguvu zote, na biti inateleza kwenye kichwa cha skrubu. "Hii haina polepole," akasema. Ya pili alibonyeza kidogo, ikazunguka kidogo. Akaongeza, ikaongeza. Skrubu ikaingia nusu. Nilijua kinachofuata, na naapa nilishika ukingo wa meza. Mti ukagoma. Tatatatata, ikaanza kugonga, na skrubu ikaendelea kuingia mpaka kichwa kikakaa sawa na ubao, na kifundo cha Baba kimetulia vile vile.

Akaweka nyingine. Tatatatata. Akaweka nyingine. Alizimaliza skrubu zote za kikapuni, ubao ukajaa, na alipoishiwa akageuka kunitazama, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Haijanipindua," akasema.

Mimi nililia zaidi yake, na sioni haya. Alichukua ile, na betri mbili ndogo, kwamba moja ikifanya kazi nyingine iko kwenye chaji, maana stima yetu inakuja na kwenda. Muuzaji alipokea jitu lake akaliweka chini ya meza, na akamwambia Baba kwamba tangu siku ile mtu akitaja baba, atamuuliza kwanza kama ni wa Mombasa au wa Kisii.

Jumapili kamati ilikaa. Baba hakwenda kujieleza. Aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa kanisa, akapanda na kikapu, na waliokuwa ndani wakasikia tatatatata juu ya vichwa vyao. Mzee aliniambia kwamba ajenda ile waliiruka. Kazi ilipokamilika, na mvua ya kwanza kubwa ikaja katikati ya wiki, nilimfuata kanisani makusudi. Alikuwa peke yake kwenye benchi la mbele, mwavuli miguuni, macho ameyafumba. Nilikaa benchi la nyuma. Mvua ilipopungua alisema, "Iko sawa," hata kabla hajageuka kuona ni nani.

Wiki iliyopita alipita dukani jioni, unga wa mbao kwenye nywele, mashine ndani ya kikapu imefungwa na leso. Ana paa la shule ndogo upande wa Keroka, na huyo fundi wa huko ndiye aliyemwita, wanaezeka pamoja. Baba analalamika kwamba kijana anapenda mashine nzito. Nilichukua soda ya chungwa, nikashika kifuniko kama kawaida yangu ya siku zote. Akanyoosha mkono, akanipokonya chupa. Alishika kifuniko kwa mkono wa kulia, ule ambao haujavimba tena tangu mashine ije, akapindua polepole, kama anavyobonyeza ile mashine, mpaka soda ikatoa pumzi. Kisha akanisukumia mimi.

"Kunywa, mwenye duka," akasema. "Na ulete nyingine, nifungue yangu."